Liposomu: Kuingia Kwenye Seli Ni Rahisi, Kazi Ni Kutoka Kifukoni

Karibu kila mchoro wa liposomu niliowahi kuuona unadanganya. Kuna kiputo cha mviringo cha mafuta chenye uzi wa DNA tumboni. Kiputo kinasogea hadi kwenye seli, tando mbili zinaungana, uzi unamwagikia ndani na jeni inaanza kazi. Basi. Mchoro huo umejaa kwenye vitabu, kwenye mabango ya mikutano ya wanasayansi, hata kwenye vipeperushi vya wanaotuuzia vifaa vya kazi hii. Mwanafunzi anayekuja maabara kwa mara ya kwanza ameshaukariri, na ndiyo maana siku anapotazama seli zake kwenye hadubini na kukuta nyingi hazijawaka kwa jeni ya kung'aa aliyozipelekea, wazo lake la kwanza ni kwamba mafuta hayakuingia.

Mafuta huingia. Katika kazi nzima hii, kuingia ndiko kwepesi kuliko yote. Nimeshinda na seli kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili: miaka zaidi ya 40 ya kupeleka jeni kwa mafuta imetumika, kwa sehemu kubwa, kujaribu kutoka mahali ambapo mchoro ule hauonyeshi kabisa.

Tuanze na mafuta yenyewe. Fosfolipidi ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukiziweka nyingi ndani ya maji, zinajipanga safu mbili, mikia ikielekeana katikati na vichwa vikitazama maji kila upande, kisha safu hiyo inajikunja mpaka inakuwa kifuko kisicho na kingo. Hakuna anayezielekeza. Unene wa utando huo ni kama nanomita 4 au 5, na utando wa seli zako umejengwa kwa mtindo uleule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Alec Bangham, daktari aliyekuwa akifanya utafiti Babraham, karibu na Cambridge, alitazama fosfolipidi zilizolowekwa majini kwa hadubini ya elektroni akiwa na mwenzake R. W. Horne. Walichokiona kilifanana mno na tando za seli. Picha zilichapishwa 1964, na mwaka uliofuata Bangham na wenzake wakaonyesha kwamba vifuko hivyo vinaweza kufungia ioni ndani na kuziachia polepole. Kumbe ni vyombo. Na mtu akishapata chombo huanza kuuliza kitabeba nini.

Kwa dawa za molekuli ndogo jibu lilipatikana: Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Jeni ni habari nyingine. Plasmidi ya kawaida ya maabara, yaani pete ndogo ya DNA, yenye jozi 5,000 za besi (herufi za DNA), ukiinyoosha inafika nanomita 1,700. Liposomu tunayoizungumzia ina kipenyo cha nanomita 100 hivi. DNA inakunjika, sawa, lakini njia ya zamani ya kutengeneza liposomu haikuisaidia. Unayeyusha mafuta kwenye kloroformu, unakausha mpaka yabaki ngozi nyembamba kwenye kuta za chupa, unamimina maji yenye DNA, unatikisa. Kinachonaswa ndani kimenaswa kwa bahati. Sehemu kubwa ya DNA inabaki nje, inaelea.

Hata hivyo watu walifanikiwa. Mwaka 1978 mRNA ya sungura, ile nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya globini, protini ya damu, iliingizwa kwenye seli za panya ndani ya liposomu, na seli za panya zikatengeneza globini ya sungura. Mwaka 1980 kundi lililomjumuisha Demetrios Papahadjopoulos, huko California, liliingiza DNA ya virusi vya SV40 kwenye seli za nyani kwa vifuko vya namna hiyohiyo. Ile ya 1978 ishikilie kwanza, nitairudia.

Aliyeifanya kazi hii iwe ya kila maabara ni Philip Felgner. Mwaka 1987 yeye na wenzake, wakiwa kwenye kampuni ya Syntex, California, waliachana na habari ya kufungia. Waliangalia chaji. Uti wa DNA una fosfati hatua kwa hatua, na kila fosfati ina chaji hasi. Uso wa seli nao, kwa jumla, una chaji hasi. Wakaunda lipidi ambayo haipo kwenye viumbe, DOTMA, yenye kichwa cha chaji chanya, wakaichanganya nusu kwa nusu na lipidi nyingine iitwayo DOPE. Ukiweka DNA kwenye mchanganyiko huo vinakamatana papo hapo, na tonge linalopatikana, likibaki na chaji chanya ya ziada, linanata kwenye seli. Kutegemea aina ya seli, njia hiyo ilizishinda mbinu za zamani za fosfati ya kalisi na za dekstrani kwa mara 5 hadi zaidi ya mara 100.

Sasa angalia tonge hilo kwa karibu, maana hapa mchoro wetu unapata pigo la kwanza. Mwaka 1997 Joachim Rädler, Cyrus Safinya na wenzao walilipima kwa miale ya eksirei na kukuta kwamba hakuna kiputo chenye DNA tumboni. Kuna tabaka za mafuta zimelaliana moja juu ya nyingine, na nyuzi za DNA zimelala katikati ya tabaka kwa mpangilio, uzi kando ya uzi. Kile kiputo ulichoanza nacho kimeshavunjika. DNA ndiyo iliyokivunja na kukipanga upya. Kwa hiyo tunaposema tumepeleka jeni kwa liposomu, mara nyingi tunasema tumeanza na liposomu.

Kwenye meza ya maabara jambo lenyewe ni la kawaida hadi linachosha. Mirija miwili midogo: mmoja una DNA, mwingine una mafuta, yote imezimuliwa kwa midia, yaani maji ya lishe ya seli, isiyo na seramu (majimaji ya damu), kwa sababu protini za seramu zenye chaji hasi zingeyawahi mafuta kabla ya DNA. Unamimina mmoja ndani ya mwingine, unachanganya taratibu kwa pipeti, na unasubiri kama dakika 20. Huoni kitu. Ukizidisha vipimo, au ukisubiri kupita kiasi, kimiminika kinaanza kuwa na ukungu, maana matonge yamekua na yanagandana. Hapo jioni imeharibika. Vinginevyo unadondosha tone moja moja juu ya seli, unatikisa sahani mbele na nyuma, kamwe si kwa kuzungusha, maana ukizungusha kila kitu kinajikusanya katikati, kisha unarudisha sahani kwenye joto la nyuzi 37.

Kesho yake unawasha taa ya buluu kwenye hadubini. Kama jeni uliyopeleka ni ya protini inayong'aa kijani, utaona seli moja inawaka kama imejaa mpaka pomoni, jirani yake ina kimng'ao hafifu, na wa tatu giza tupu. Zote zimekaa kwenye sahani moja na zimepata dozi moja. Juu yao zinaelea seli za mviringo zilizojitenga na sakafu: hizo zimekufa, na mafuta yenyewe ndiyo yaliyoziua. Chaji chanya inayosaidia kunata ndiyo hiyohiyo inayosumbua tando za seli. Kila anayefanya kazi hii anacheza kwenye upana mdogo kati ya dozi isiyotosha na dozi inayoua, na upana huo ni tofauti kwa kila aina ya seli. Seli za figo za HEK293 hupokea karibu chochote. Neva zilizotoka moja kwa moja kwenye ubongo wa mnyama zitakufanya ujutie kuchagua biolojia.

Lakini ile seli ya giza ndiyo ninayotaka tuikazie macho. Ukiweka rangi nyekundu kwenye DNA kabla ya kuipeleka, utaona nukta nyekundu ndani ya karibu kila seli, pamoja na zile ambazo hazikuwaka kijani. DNA imo. Imeingia. Haifanyi kazi.

Sababu ni kwamba seli haikuungana na tonge kama mchoro unavyosema, ililimeza. Utando wake ulibonyea kwa ndani, ukalizunguka tonge, ukajifunga na kukatika kuwa kifuko kinachoitwa endosomu. Tonge liko ndani ya seli kwa hesabu ya ramani tu, maana bado limezungukwa na utando. Ni kama mgeni aliyepitishwa getini kisha akafungiwa kwenye kibanda cha mlinzi. Na muda unakwenda. Seli inasukuma asidi ndani ya kifuko, pH inashuka kutoka 7.4 ya nje hadi 6, kisha 5 na kitu, na mwisho kifuko kinaungana na lisosomu, ambamo vimeng'enya vinasaga kila kilichomo. Usipotoka kabla ya hapo umekuwa lishe.

Hapa ndipo DOPE ilipokuwa inafanya kazi bila kusifiwa. Kichwa chake ni kidogo na mikia yake imetanuka, kwa hiyo haipendi kukaa kwenye utando bapa. Inavuta utando ujikunje na kupasuka. Mwaka 1996 Yuhong Xu na Francis Szoka walieleza mengine: lipidi zenye chaji hasi, ambazo seli huziweka upande wa nje wa endosomu, zinapinduka kuingia ndani, zinakamatana na mafuta yenye chaji chanya, na DNA iliyokuwa imeshikwa inaachiwa. Mantiki yake inapendeza. Ila inatokea kwa nadra. Mwaka 2013 kundi la Ulaya lilihesabu vipande vya siRNA, yaani RNA fupi za kunyamazisha jeni, vilivyopelekwa kwa chembe za mafuta za kisasa, zilizo bora kuliko za Felgner kwa mbali, na kukuta kwamba vilivyofanikiwa kutoka kwenye endosomu ni asilimia 1 hadi 2. Vingine vyote viliishia njiani. Hiyo ndiyo namba ningependa ichapishwe chini ya kila mchoro wa kiputo.

Na DNA ikishatoka bado haijafika. Jeni inasomwa ndani ya kiini, na kiini kina utando wake. Mwaka 1980 Mario Capecchi, huko Utah, alitumia sindano nyembamba za kioo kudunga DNA moja kwa moja kwenye seli. Alipodunga kwenye kiini, nusu ya seli au zaidi zilionyesha kazi ya jeni. Alipodunga nje ya kiini, kwenye saitoplazimu, hakuna iliyoonyesha. Fikiria maana yake: hata ukiondoa habari yote ya endosomu, ukaiweka DNA kwa mkono ndani ya seli, bado unaweza kukosa. Ndiyo maana seli zinazogawanyika hutupendelea. Wakati wa kugawanyika utando wa kiini unayeyuka kwa muda na DNA inapata upenyo. Seli za mwili wa mtu mzima ambazo tungependa kuzitibu, za misuli, za ubongo, za mapafu, nyingi hazigawanyiki au hugawanyika kwa nadra.

Ukiyajua hayo, matokeo ya kwanza kwa binadamu hayakushangazi. Mapema miaka ya 1990 Gary Nabel na wenzake, Michigan, walidunga DNA na liposomu ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi. Ilionekana kwamba inawezekana na kwamba haidhuru sana. Tiba yenyewe haikupatikana hapo. Waingereza waling'ang'ania ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambao jeni moja iliyoharibika inajaza mapafu kamasi nzito. Mwaka 1995 walichapisha majaribio ya puani. Miaka 20 baadaye, 2015, walitoa matokeo ya jaribio kubwa: wagonjwa zaidi ya 100, wakivuta mvuke wenye jeni na mafuta kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka nguvu ya mapafu ya waliopata jeni ilikuwa juu ya ile ya waliopata mvuke mtupu kwa asilimia 3.7. Tofauti halisi, lakini ilitokana zaidi na waliopata jeni kutoporomoka kuliko kupata nafuu. Wapo waliocheka. Mimi naona lile lilikuwa jaribio la uaminifu kuliko mengi, kwa kuwa lilipima kile ambacho fizikia ya endosomu na kiini ingeruhusu, na likakiripoti kilivyo.

Wengi kipindi hicho walikuwa wamekimbilia virusi. Virusi vimekuwa vikitoroka endosomu kabla hatujawepo, na vina mbinu za kufikisha mzigo kwenye kiini. Gharama yake ni kinga ya mwili. Mwaka 1999, huko Philadelphia, kijana wa miaka 18 alifariki baada ya kupewa jeni kwa adenovirusi. Mwili wake uliushambulia mzigo kwa ukali ambao hakuna aliyeutarajia. Na hata virusi vipole kama AAV vina shida moja kubwa: ukivipokea mara moja, mwili unatengeneza kingamwili, na dozi ya pili kwa kawaida haina nafasi.

Kilichoyarudisha mafuta uwanjani ni mabadiliko mawili, na yote mawili yanahusu kutoka.

La kwanza ni chaji inayobadilika. Pieter Cullis na watu wake wa Vancouver, pamoja na kampuni walizoshirikiana nazo, walitengeneza lipidi ambazo hazina chaji kwenye damu lakini zinapata chaji chanya kwenye asidi. Iliyokuja kuwa maarufu inaitwa MC3, na inageuka kwenye pH ya kama 6.4. Ukiitazama namba hiyo unaelewa ujanja wote: kwenye damu, pH 7.4, mafuta yametulia, hayasumbui utando wa mtu. Yakishamezwa na endosomu ikaanza kutia asidi, ile asidi iliyokuwa tishio ndiyo inayoyawasha. Kiwandani sifa hiyohiyo inatumika kinyumenyume. Mafuta yaliyo kwenye ethanoli yanakutanishwa kwa kasi na RNA iliyo kwenye maji yenye asidi, vinakamatana, kisha asidi inaondolewa. Sehemu kubwa kabisa ya RNA inabaki ndani. Wale wa chupa ya kloroformu wangelia.

Wataalamu watanikumbusha kwamba chembe hizi si liposomu tena kwa maana kamili. Ndani hakuna dimbwi la maji, kuna kitovu kizito cha mafuta na RNA. Ni kweli. Mimi nazihesabu ukoo mmoja. Zina viungo vinne: lipidi inayogeuka chaji, ambayo ni karibu nusu ya molekuli zote, kolesteroli zaidi ya theluthi, fosfolipidi kidogo, na lipidi yenye mkia mrefu wa kemikali iitwayo PEG, asilimia 1.5 hivi, inayozuia chembe kugandana. Mwezi Agosti 2018 Onpattro, dawa ya siRNA kwa ugonjwa wa kurithi wa amiloidosi, ambao protini mbaya hujikusanya mwilini, iliidhinishwa Marekani ikiwa imebebwa na MC3.

La pili ni kubadilisha mzigo. Kama kiini ndicho kigingi, peleka kitu kisichohitaji kiini. mRNA inasomwa kwenye saitoplazimu. Ikishatoka kwenye endosomu imefika. Ile globini ya sungura ya 1978 ilikuwa imelisema hili mapema mno. Kilichokuwa kinakwamisha ni kwamba mRNA inaoza haraka na inaiamsha kinga ya mwili. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha 2005 kwamba ukibadilisha baadhi ya nukleosidi zake, yaani vijenzi vyake, kinga inatulia, kazi iliyowapa Nobel ya 2023. Chanjo za korona za mwishoni mwa 2020 zilikuwa ni mambo haya mawili yamekutana, na kwa kuwa zimeandikwa mpaka zikachosha sitaongeza neno.

Kinachonisisimua zaidi ni kwamba mlango wa kurekebisha jeni zenyewe umefunguka kupitia njia hiyohiyo. Usibebe jeni nzima kuipeleka kwenye kiini; beba mRNA ya protini inayohariri DNA, pamoja na RNA ya kuielekeza. Seli itaitengeneza protini hiyo, na protini itaingia kwenye kiini kwa tiketi yake yenyewe. Mwaka 2021 wagonjwa wa kwanza wa amiloidosi waliopewa CRISPR, mfumo wa kuhariri wa namna hiyo, kwa chembe za mafuta, sindano moja tu ya mshipa, walionekana kupungukiwa na protini mbaya kwenye damu kwa wastani wa asilimia 87 kwenye dozi ya juu kati ya mbili zilizojaribiwa.

Ugonjwa huo haukuchaguliwa kwa bahati. Protini ile inatengenezwa kwenye ini, na chembe hizi zikiingia kwenye damu zinavikwa protini iitwayo ApoE, ambayo seli za ini huichukua kama zinavyochukua mafuta ya kawaida ya mwilini. Ini linazipokea bila kuulizwa. Kwa mapafu, misuli na ubongo bado ni mvutano. Kundi la Daniel Siegwart huko Dallas lilionyesha 2020, kwa panya, kwamba kuongeza lipidi ya tano kunaweza kuzielekeza chembe kwenye mapafu au wengu kulingana na chaji yake. Kwa ubongo, kwa sindano ya mshipa, sioni wa kunishawishi kwa sasa.

Na mapema 2025, Philadelphia tena, mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha CPS1, ambao unafanya amonia ijae kwenye damu, alipewa tiba ya kuhariri herufi moja ya DNA yake, iliyoandaliwa kwa ajili ya kosa lake peke yake ndani ya takribani miezi sita. Ilibebwa na chembe za mafuta hadi kwenye ini. Madaktari walianza na dozi ndogo mwezi Februari, wakaangalia, wakarudia kwa dozi ya juu zaidi, wakarudia tena. Kwa AAV wasingeweza kupanda ngazi hiyo. Kingamwili zingeizima dozi ya pili. Pengine kila dozi ilipoteza sehemu kubwa ya mzigo wake ndani ya endosomu. Dozi iliyofuata ilipeleka mwingine.